Kichupa cha Kwapani: hotuba juu ya fuwele kioevu na resonansi ya sumaku

Ndugu Mwenyekiti, walimu wenzangu, wazazi mlioacha shughuli zenu Jumamosi hii, shikamooni. Wanafunzi wa kidato cha tano na cha sita, habari za asubuhi.

Kabla sijaanza, naomba kijana mmoja anisaidie. Wewe uliyekaa mstari wa pili, mwenye sweta ya kijani, njoo. Shika kichupa hiki. Mdomo wake umezibwa kwa moto, hakivuji, usiwe na wasiwasi. Kiinue wenzako wakione. Ndani mnaona kitu cheupe chenye ukungu, kama maji yaliyooshewa mchele. Kiinamishe. Mmeona, kinatiririka, kwa uzito kidogo kuliko maji. Sasa kiweke kwapani kama mtoto anayepimwa homa, urudi ukae nacho hivyo hivyo. Nitakuita.

Tangu shule ya msingi tunafundishwa kwamba maada ina hali tatu: yabisi, kioevu na gesi. Si uongo, ila kuna mengine hayakutajwa. Mwaka 1888 Friedrich Reinitzer, mtaalamu wa mimea aliyekuwa akifanya kazi Prague, alikuwa akichunguza kolesteroli aliyoipata kwenye karoti. Kampaundi moja aliyoitengeneza kutokana nayo, kolesteroli benzoeti, ilimshangaza. Ilipofika nyuzi 145.5 za Selsiasi iliyeyuka, lakini ikawa na ukungu. Akaendelea kuipasha moto. Ilipofika nyuzi 178.5 ukungu ukatoweka ghafla, ikawa angavu kama maji ya chupa.

Nyinyi mliosoma kemia mnajua kwa nini hilo lilimkosesha raha. Kitu safi huyeyuka mara moja tu. Ndivyo tunavyopima usafi wa kitu maabara hadi leo, kwa kutazama kinayeyukia nyuzi ngapi. Kinachoyeyuka mara mbili, mtu wa haraka atasema kimechanganyika na uchafu, akimwage, aoshe vyombo. Reinitzer hakukimwaga. Mwezi Machi mwaka ule ule alimwandikia Otto Lehmann, mwanafizikia Mjerumani aliyekuwa na hadubini yenye mahali pa kupashia sampuli joto, akamwomba naye atazame. Lehmann alikuta kitu kinachotiririka kama kioevu lakini kinaugeuza mwanga kama fuwele za kwatzi zinavyofanya. Hapo ndipo lilipotoka jina fuwele kioevu. Wakemia wakubwa wa zama zile walibisha, na baadhi yao walishikilia kwamba ule ukungu ni matone ya uchafu yaliyotawanyika. Ubishi huo ulichukua miaka mingi kuisha.

Je, ndani ya ukungu kuna nini? Aliyekulia Bagamoyo au Kunduchi hahitaji kuchorewa. Nenda ufukweni alfajiri uziangalie ngalawa zilizotia nanga. Maji yakianza kupwa, zote hugeuza omo upande mmoja. Hazikupangwa kwa mistari, na hakuna iliyotulia, kila moja inayumba kivyake. Lakini ukiulizwa zimeelekea wapi utanyoosha kidole bila kusita. Sasa zikate nanga kwa mawazo, ziache zipitane huku na huku, omo zikiwa bado zimeelekea kule kule. Hiyo ndiyo fuwele kioevu ya aina iitwayo nematiki. Molekuli zake ni ndefu na nyembamba, zinasafiri kwa uhuru kama katika kioevu chochote, lakini kwa wastani zimeelekea upande mmoja.

Kipo kipimo cha mpangilio huo, kinachoandikwa kwa herufi S. Ngalawa zote zikiwa sambamba kabisa, S ni 1. Zikiwa zimetazama ovyo, S ni 0. Nematiki za kawaida hukaa katikati, nusu hivi. Naomba mwishike hiyo nusu, kwa sababu ndiyo iliyonileta hapa leo.

Aina nyingine, smektiki, huwa na tabaka. Jina lake lilitokana na neno la Kigiriki linalohusu kusafisha, na Georges Friedel wa Ufaransa, aliyetoa majina haya mwaka 1922, alikuwa na sababu. Nenda nyumbani ukainue sabuni ya mche kwenye kisahani chake. Ule uteute uliobaki chini, unaokera kuushika, ni fuwele kioevu: tabaka za molekuli za sabuni na maji katikati, tabaka juu ya tabaka, na unateleza kwa sababu tabaka hizo zinateleza moja juu ya nyingine. Mama zetu wameshika fuwele kioevu kila siku ya kufua.

Niiache hapo kwanza, niende kwenye sumaku.

Mnaikumbuka pia, ile ya watoto, ya mti, inayozungushwa kwa kamba. Ikiinama huku inazunguka haianguki hapo hapo. Kichwa chake huchora duara hewani. Kiini cha hidrojeni, ambacho ni protoni moja, kikiwekwa ndani ya sumaku hufanya kitu kinachofanana sana na hicho. Kwa kila tesla moja ya nguvu ya sumaku huchora duara mara milioni 42.58 kwa sekunde. Katika sumaku ya tesla 2.35 ni mara milioni 100, yaani megahezi 100, katikati kabisa ya masafa ya FM mnayosikiliza kwenye daladala. Ukiirushia protoni wimbi la redio la masafa yale yale, italipokea na baadaye itajibu. Ukikosea kidogo tu, ni kama hukusema kitu. Kupatana huko kwa masafa ndiko tunakokuita resonansi.

Isidor Rabi aliipima kwanza mwaka 1938, akitumia molekuli zinazorushwa kama mshale ndani ya chombo kisicho na hewa. Kuipima kwenye kitu cha kawaida, kilichokaa mezani, kulisubiri vita viishe. Mwezi Desemba 1945 Edward Purcell na wenzake wawili, Henry Torrey na Robert Pound, waliipata Harvard kwenye bonge la nta ya parafini, ya aina inayotengenezewa mishumaa. Wiki chache baadaye Felix Bloch na kundi lake, upande wa pili wa Marekani, Stanford, waliipata kwenye maji. Purcell na Bloch waligawana Tuzo ya Nobel mwaka 1952. Nta na maji, jamani. Vitu vilivyo kwenye kila jiko la mtaa huu.

Jina kamili ni resonansi ya sumaku ya viini. Kwa Kiingereza lina neno nyuklia, na neno hilo limewatisha watu wengi mno, wakidhani kuna mionzi ya bomu. Hakuna. Kiini hakivunjwi, kinazungumzishwa tu. Ndiyo maana hospitali ziliposhika ufundi huu kupiga picha za mwili ziliacha lile neno, zikabaki na MRI. Mama mjamzito, mtoto, mgonjwa wa mgongo, wote wanaingizwa kwenye sumaku wanaulizwa habari za maji na mafuta yaliyo mwilini mwao kwa mawimbi ya redio.

Wakemia waliichukua kazi hii kwa mikono miwili. Mwaka 1951 ilionekana kwamba ethanoli, pombe ya kawaida, haijibu kwa mstari mmoja bali mitatu: mmoja wa protoni moja, mmoja wa protoni mbili, mmoja wa tatu, kama fomula yake inavyotaka. Kila protoni husikia sumaku tofauti kidogo kulingana na elektroni zilizo jirani yake. Orodha ya mistari hiyo ndiyo spektra, na kazi ya kuisoma ndiyo spektroskopia.

Sasa nifike kwenye fundo lenyewe, na hapa sitakimbia.

Protoni kila moja ni sumaku ndogo. Kwa hiyo mbali na sumaku kubwa ya mashine, zinahisiana zenyewe kwa zenyewe, na kiasi cha kuhisiana hutegemea mambo mawili: umbali kati yao, na pembe ambayo mstari unaoziunganisha unafanya na sumaku kubwa. Umbali una ukali wa ajabu. Ukiongeza umbali mara mbili, nguvu haipungui nusu, inabaki moja ya nane. Maana yake ni kwamba ukiweza kupima kuhisiana huko, umepata rula ya kupima ndani ya molekuli, mahali ambapo hakuna hadubini ya kawaida itakayofika.

Tatizo ni kuipima. Chukua yabisi. Humo molekuli zimekaa palepale, na kila protoni inahisiwa na majirani zake wote, wa molekuli yake na wa molekuli za pembeni, karibu na mbali, wote kwa pamoja. Ni kama kusimama Kariakoo saa tano asubuhi na kutaka kusikia bei anayotaja mchuuzi mmoja. Mistari yote inamezana, unabaki na kilima kimoja kipana kisicho na umbo. Chukua kioevu. Humo molekuli hubiringika mara mabilioni kwa sekunde, pembe zinapita kila upande, na ukichukua wastani wa pembe zote jibu ni sifuri kamili. Mistari inakuwa myembamba na mizuri, lakini ile rula imefutika. Yabisi ina habari zote na hazisikiki, kioevu kinasikika na habari hiyo haimo.

Mwaka 1963 Wajerumani wawili, Alfred Saupe na Gerhard Englert, waliyeyusha benzeni ndani ya nematiki, wakaiweka kwenye sumaku. Benzeni, mnaijua: kaboni sita na hidrojeni sita katika duara. Katika kioevu cha kawaida hutoa mstari mmoja tu, kwa sababu protoni zote sita zinafanana. Katika nematiki ulitokea msitu wa mistari, myembamba, inayosomeka.

Kilichotokea ni hiki. Molekuli za benzeni ziliingia kati ya zile ngalawa zikalazimika kuelekea kidogo nazo. Kwa kuwa zinasafiri kwa uhuru, kila moja ikipita kila mahali, mvuto wa molekuli za jirani ulijifuta. Kwa kuwa zimeelekea upande mmoja kwa wastani, mvuto wa protoni za molekuli ile ile haukujifuta. Kelele za soko zima zilinyamaza, yakabaki mazungumzo ya nyumba moja. Na sumaku ile ile iliyokuwa ikiuliza maswali ndiyo iliyozigeuza ngalawa. Haikuhitajika mashine ya pili.

Twende na hesabu, maana ni fupi na inafurahisha. Kama benzeni ni pembesita sawa, protoni jirani ziko umbali tuseme 1. Inayofuata iko kwenye mzizi wa 3, yaani 1.73; ile ya ng'ambo iko 2. Piga kila umbali mara tatu kwa wenyewe, kisha ugeuze. Unapata 1, halafu moja ya 5.2, halafu moja ya 8. Pembesita ikiwa imebonyea kidogo tu, uwiano huo utavurugika. Spektra ilikubaliana na pembesita. Umbo la molekuli ikiwa ndani ya kioevu, bila kuigandisha, bila kuivunja, lilisomwa kwenye karatasi ya grafu. Nimefundisha jambo hili kwa miaka, na kila nikifika kwenye hiyo moja ya nane naisikia furaha ile ile ya mara ya kwanza.

Huyu Saupe alikuwa amekwisha jenga, pamoja na mwalimu wake Wilhelm Maier, nadharia inayoeleza kwa nini S hushuka joto likipanda. Kwa hiyo hakuingia kwenye sumaku kwa kubahatisha.

Baada ya hapo mito hii miwili ilitiririka pamoja. Kuhusu vioo vya tarakimu, vikokotoo, saa na baadaye televisheni bapa, sitasema mengi, kwa sababu hiyo ndiyo sehemu watu wanayoijua. Niseme tu kwamba kitu kilicho kwapani kwa kijana wetu, 5CB, kilitangazwa mwaka 1973 na kundi la George Gray wa Chuo Kikuu cha Hull, Uingereza, na ndugu zake wa ukoo huo ndio walioviwezesha vioo hivyo kufanya kazi kwenye joto la chumbani. Mwaka 1991 Tuzo ya Nobel ya fizikia ilikwenda kwa Pierre-Gilles de Gennes, aliyezifanyia nadharia fuwele kioevu, na ya kemia mwaka huo huo ikaenda kwa Richard Ernst wa Zürich, aliyeipa resonansi ya sumaku uwezo inaoutumia leo. Kamati mbili tofauti, mwaka mmoja.

Ninachokipenda zaidi kilikuja 1997. Nico Tjandra na Ad Bax, wakiwa Bethesda, Marekani, walitaka kuitumia rula ya Saupe kwenye protini. Protini ina protoni mamia. Ukiielekeza kama benzeni ilivyoelekezwa, msitu unakuwa mzito hauingiliki. Basi walitawanya kwenye maji visahani vidogo vya mafuta ya aina yanayounda utando wa seli, visahani ambavyo sumaku huvielekeza, kisha wakaiacha protini iitwayo yubikwitini, yenye amino asidi 76, ielee katikati yake ikigongana navyo kidogo kidogo. Mpangilio walioutaka ulikuwa mdogo mno, wa kiasi cha moja katika elfu. S ya nusu ingewapofusha. S ya sifuri isingewaambia kitu. Moja katika elfu iliwatosha kujua kila kifungo cha protini kimeelekea upande gani.

Na utando wenyewe wa seli? Huo nao ni fuwele kioevu, ndugu zangu. Kila seli mwilini mwako imefungwa kwa tabaka mbili za mafuta zilizopangwa kama zile za uteute wa sabuni. Miaka ya 1970 Joachim Seelig wa Basel na wenzake waliweka deuteri, hidrojeni nzito, mahali mahali kwenye mikia ya mafuta hayo, wakapima S ya kila kiungo. Waliona sehemu ya karibu na kichwa imeshikamana, na ncha, katikati ya utando, inachezacheza. Lau utando ungekuwa yabisi, protini zake zisingeweza kusogea. Lau ungekuwa kioevu tu, seli ingemwagika.

Nije nyumbani. Mara nyingi naulizwa kama haya ni yetu. Mashine kubwa zina sumaku inayokaa ndani ya heli kioevu kwenye nyuzi 269 chini ya sifuri, na nje yake nitrojeni kioevu, nyuzi 196 chini ya sifuri. Nitrojeni inaongezwa kila wiki, heli kila baada ya miezi. Nimefanya kazi katika taasisi moja ambako heli ilichelewa. Tulikuwa tunasoma kipimo asubuhi na jioni, tunaona kiwango kinashuka, tunaandika barua. Siku ilipofika, sumaku ilizimika, heli yote iliyobaki ikachemka ikatoka kwa mvumo, wingu jeupe likajaa darini. Mwanafunzi wangu mmoja alikuwa na sampuli ya gome la mti ndani, kazi ya miaka miwili. Alikaa kwenye ngazi za jengo hadi giza likaingia. Sampuli ilipona, lakini spektra yake ilimbidi aipeleke kwa posta nchi nyingine na kusubiri kama wengine wanavyosubiri.

Kwa hiyo siwaambii kwamba ni rahisi. Lakini siku hizi zipo mashine za kuweka mezani, zenye sumaku ya kudumu isiyohitaji heli, nyingine za megahezi 60. Megahezi 60 ndiyo ilikuwa nguvu ya mashine za kawaida za wakemia mwanzoni mwa miaka ya 1960, Saupe alipofanya kazi yake. Benzeni ndani ya nematiki, kwenye meza ya chuo chetu, na mwanafunzi wa mwaka wa pili anapima pembesita kwa mikono yake: mimi naamini inawezekana, nimeiandikia mpango, na nitaendelea kugonga milango kuiombea fedha. Walimu wa hesabu mlio hapa, nitawahitaji.

Kijana, njoo sasa. Ulete kichupa. Usikitoe bado.

Nilipokuwa mwanafunzi nilikesha usiku mmoja na 5CB yenye deuteri ndani ya sumaku. Spektra ilikuwa na mistari miwili iliyoachana, na umbali kati yake unakwenda na S. Nilikuwa napandisha joto kidogo kidogo. Mistari ikawa inasogeleana, polepole, kama watu wanaoendewa kusuluhishwa. Nilidhani itaendelea hivyo hadi ikutane. Haikukutana. Ilipokaribia nyuzi 35, ukachipuka mstari wa tatu katikati, mwembamba, mrefu, na ile miwili ya pembeni ikafifia pale pale ilipokuwa. Molekuli hazikuupoteza mpangilio wao tone kwa tone hadi mwisho. Zilifika mahali zikauachia kwa mara moja. Nilisimama, nikazunguka kiti, nikakaa tena.

Haya, kitoe. Kiinue juu, kishike kwa ncha ili vidole visikipashe. Mnaona? Ule ukungu haupo. Ni kama maji ya kisima. Kwapa lako ni nyuzi 36 na kidogo, na hicho kikipita 35 mpangilio unakwisha. Hamkuhitaji mashine.

Sasa kinapoa. Msitazame katikati, tazameni pembeni, kioo kinapogusana na kitu chenyewe, chini pale. Unaanza kurudi. Nani ameuona?